Besi Iliyohamia kwa Jirani

Nyie mnaofunga spika siku hizi mna simu za kupimia sauti, mna video za kuwaelekeza waya upi uende wapi. Mie nilikuwa na masikio mawili na magoti mawili. Masikio niliyatumia tangu siku ya kwanza. Magoti niliyanyima kazi kwa karibu miaka ishirini, na ubishi huo nusura umtoe mtu kwenye nyumba yake. Hiyo ndiyo habari ninayotaka kuwapa, maana naona na nyie mna ubishi uleule, ila nyie mnasingizia suruali.

Naitwa Sauda. Karakana yetu ilikuwa Tandika, na hadi leo wapo wanaoniita Fundi Sauda, wengine Mama Spika. Niliingia kazini kwa sindano, si kwa bisibisi. Fundi Thobias, mtu wa Songea, alikuwa anatafuta fundi cherehani wa kumshonea vile vitambaa vya mbele ya spika, akaambiwa kuna binti mtaa wa pili anashona mashuka. Nikashona vitambaa mwaka mzima. Mwaka wa pili nikawa nabandika karatasi za spika zilizochanika. Wa tatu akanipa bisibisi, akasema mkono uliozoea uzi mwembamba haupati shida na waya.

Thobias alikuwa mrefu, mpole, msafi kupita kiasi. Alivaa shati la mikono mirefu hata lile joto la mwezi wa pili. Hakunigombeza hata siku moja, na nilimpa sababu nyingi. Kuna mteja mmoja wa Ubungo nilimtengenezea spika mbili, akaondoka anashukuru, akarudi kesho yake amekunja uso. Alisema kila spika ukiiwasha peke yake inaimba vizuri, ukiziwasha pamoja besi inapotea. Nikazifungua zote mbili, nikachungulia, sikuona kitu. Thobias hakufungua hata moja. Aliomba betri ya tochi, akagusisha kwenye waya za spika ya kwanza, karatasi ikaruka kuja mbele. Akagusisha ya pili vilevile, karatasi ikarudi nyuma.

"Umezifunga zimenuniana," akaniambia. "Moja ikisukuma, mwenzake anavuta. Besi inafia katikati."

Nilikuwa nimegeuza nyekundu na nyeusi kwenye spika moja. Tangu siku hiyo sikukosa betri ya tochi mfukoni, na mume wangu marehemu alikuwaga akitania kwamba amemwoa mlinzi. Nanyi muwe nayo. Simu yako ikizima chaji, betri haizimi.

Sasa magoti. Mara ya kwanza Thobias kunichukua kwenda nyumbani kwa mteja ilikuwa Kinondoni, kwa daktari mmoja aliyenunua sabufa kubwa, lile boksi la kutoa besi tupu. Nikategemea tutauliza iwekwe wapi, tuiweke, tunywe soda, tuondoke. Thobias akamuuliza daktari huwa anakaa kiti gani akisikiliza. Daktari akaonyesha. Thobias akavua viatu, akaibeba ile sabufa, akaiketisha pale kitini kwa daktari kama mgeni wa heshima, akafungulia wimbo wenye besi nzito. Kisha akapiga magoti na kuanza kutambaa kandokando ya ukuta, polepole, kama anayetafuta hereni iliyodondoka. Mie nikaangalia pembeni kwa aibu. Daktari naye, sahani ya ubwabwa mkononi, akaacha kutafuna.

Tukiwa njiani kurudi nikamuuliza ile ilikuwa nini. Akanieleza kwa utaratibu wake. Besi haisafiri kama sauti ya mtu anayekuita, ambayo unajua imetoka wapi na imefika. Besi inagonga ukuta, inarudi, inakutana na nyingine njiani. Mahali pengine zinakutana zikaongezeana nguvu, pengine zinauana, na mtu akikaa hapo hasikii kitu hata sabufa iwe kubwa kama friji. Sasa mteja ana kiti chake na hatahama kwa ajili yako. Kwa hiyo iweke sabufa kwenye kiti, halafu utembee wewe. Pale utakapoisikia imetulia, imejaa bila kuvuma, hapo ndipo pa kuiweka, kwa sababu njia ya kwenda ndiyo njia ya kurudi.

Nikamuuliza kwa nini asitembee amesimama kama watu. Akasema aliyepiga magoti sikio lake linakaa kimo cha aliyeketi kitini. Ukisimama, unasikiliza chumba cha mtu mwingine.

Niliyaelewa yote. Nikaamua sitayafanya. Mie ni mwanamke wa Temeke, mtoto wa watu, navaa dera na mtandio. Nitambae mbele ya wanaume wa watu wanaokula ubwabwa kwenye kochi? Thobias alipochoka na kurudi kwao Songea, akaniachia karakana, nikajitungia njia yangu. Sabufa yoyote naiweka kona. Kona kwa besi ni kama pilipili kwenye mchuzi uliopooza: mlaji anashtuka, anadhani ndiyo ladha. Unaifungulia, chumba kinanguruma, mteja anacheka, unaondoka na sifa zako. Nilifunga hivyo nyumba nyingi sana. Nikajenga na jina.

Dalili zilikuwepo, ila nilizigeuza vichekesho. Kuna bibi mmoja wa Madale, nyumba yake juu mlimani, alitaka sabufa isionekane kabisa. Nikaipachika kona nyuma ya kochi, naye akaitandikia kitambaa cha kufuma na kuweka juu yake chombo cha maua alichopewa siku ya ndoa yake. Nikafungulia wimbo wa kumwonyesha. Tukiwa bado tunasifiana, kile chombo kikaanza kutembea. Kilitembea taratibu, kwa adabu, hadi ukingoni, na sote wawili tulikuwa tunakitazama na hakuna aliyenyanyuka. Nilikisimulia kisa kile miaka mingi na watu wakacheka. Sikujiuliza hata mara moja kwamba kama besi imeweza kukitembeza chombo kule kona, mwenye nyumba aliyekaa kwenye kochi alikuwa anasikia nini.

Basi ndiyo nikakutana na Mzee Kibwana.

Alikuwa jirani yetu wa mbali kule Kiwalani nilikoolewa, mzee wa miaka sabini hivi, aliyestaafu kazi ya maghala bandarini. Mtu wa maneno machache, kofia yake safi, fimbo ya kutembelea asiyoihitaji. Watoto wake walichangishana wakamnunulia spika mbili za kusimama, zile ndefu zinazomfika mtu kiunoni, zenye besi yake tumboni humohumo. Ukiwa na zile, mara nyingi huna haja ya sabufa. Mzee alikuja karakana akaniambia jambo moja tu: spika ni nzuri, maneno yanasikika, ila besi hakuna.

Nikaenda. Nikamkuta na mkewe, Bi Tatu, mama mnene mcheshi anayesonga ugali huku anaongea na watu watatu. Sebule yenyewe ya kawaida, ndefu kidogo. Spika zimesimama zimebanwa kabisa ukutani, ukuta unaotazamana na nyumba ya jirani. Kiti cha Mzee kiko katikati kabisa ya chumba, chini ya feni. Nikafungulia wimbo wangu wa majaribio, nikasimama mlangoni kama kawaida yangu. Besi nikaisikia, tena ya kutosha. Bi Tatu akatoa kichwa kutoka mlango wa jikoni, akasema yeye hukohuko kwake huwa anaisikia vizuri tu, hajui mzee analalamikia nini.

Nyie, hapo jibu nilikuwa nimeshapewa bure. Nikatabasamu kama fundi anayemsikiliza mama wa jikoni, nikamwambia Mzee kwamba anahitaji sabufa. Nikaileta, nikaiweka kona, upande uleule wa ukuta wa jirani. Chumba kikanguruma. Mzee akakaa kitini kwake, akainamisha kichwa, akasikiliza muda mrefu. Akasema inaelekea kuwa nzuri. Mie nikaisikia kama pongezi.

Nikasahau habari zao. Miezi ikapita. Siku moja asubuhi akaja karakana mwanamke mtu mzima, mwembamba, miwani shingoni kwa kamba, amevaa sketi iliyopigwa pasi ikanyooka. Akajitambulisha kuwa ni Mwalimu Eliza, anakaa Kiwalani, nyumba inayofuatana na ya Mzee Kibwana. Nilimjua kwa sura. Watoto wa mtaa mzima walimjua. Alikuwa mtu wa Njombe, amefundisha shule ya msingi maisha yake yote, na baada ya kustaafu na kufiwa na mumewe alikuwa anafundisha watoto tuisheni sebuleni kwake kila alasiri. Kwa ile tuisheni ndiyo alikuwa anakula.

Nilimpa kiti. Nilidhani kaleta redio.

Akasema ameambiwa mie ndiye niliyefunga ule mtambo wa kwa Mzee Kibwana. Nikakubali kwa furaha. Akanisimulia, bila kupandisha sauti, kwamba kila alasiri mtambo ukifunguliwa ubao wake unatetemeka hadi chaki zinadondoka. Hasikii nyimbo, anasikia dum, dum, dum ndani ya kifua. Watoto wadogo wanaojifunza kusoma hawasikii herufi anazotamka. Wazazi wameanza kuwatoa mmojammoja, na hawawezi kulaumiwa. Amekwenda kwa Mzee Kibwana mara mbili, na mara zote mbili Mzee amemjibu kwamba hata yeye mwenyewe haisikii.

Hapo ndipo sauti yake ilipobadilika. Yeye na Bi Tatu walizikiana. Mumewe alipofariki, chungu cha kwanza kuinjikwa uani kwake kilikuwa cha Bi Tatu. Leo mtu anamtazama usoni na kumwambia haisikii kelele anayoipiga mwenyewe. Aliona ni dharau, na dharau ya mtu uliyemheshimu haimezeki. Waliacha kusalimiana. Mwanawe wa Njombe akamwambia auze, arudi nyumbani. Amekubali. Dalali anamleta mnunuzi Jumamosi.

"Sikuja kugombana, Fundi," akasema. "Nimekuja nijue tu. Kuna mashine inayompigia jirani kelele na mwenyewe asisikie?"

Nikafungua mdomo kumwambia hakuna. Badala yake nilimwona Thobias akiwa amepiga magoti kwa daktari wa Kinondoni, kisha nikaiona sabufa yangu pale kona, nikaiona mikono yangu inaisukuma ikae sawa. Nikamwambia Mwalimu kwamba nitakwenda kuangalia. Sikumwambia zaidi ya hapo. Niwe mkweli kwenu: sikusema kwa sababu niliona aibu, na nilikuwa na jina mjini, nikataka kwanza nione kama kuna namna ya kulaumu spika.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Ijumaa baada ya swala nikaenda kwa Mzee Kibwana. Shikamoo, marahaba, karibu fundi. Nikamwomba anifungulie anachosikiliza yeye, kama anavyosikiliza yeye. Akachomeka flashi, akaongeza sauti hadi namba kwenye redio ikafika thelathini na kitu. Madirisha yakaitikia. Nikamwomba ruhusa nikae kwenye kiti chake.

Kwa miaka yote ile ya kufunga spika sikuwahi kukaa kwenye kiti cha mteja. Nikakaa. Besi ikaondoka.

Nikasimama, ikarudi. Nikakaa, ikaondoka tena. Mwimbaji yupo, gitaa la juu lipo, matarumbeta yapo, chini hakuna kitu, kama nyumba iliyoezekwa bila kujengwa kuta. Nikasimama na kukaa mara nyingi mpaka Bi Tatu akauliza kama nina matatizo ya kiuno. Mzee alikuwa amemwambia Mwalimu ukweli mtupu. Alikuwa amekaa pale besi zinapouana, na kila alipoitafuta aliongeza sauti, na yote aliyoongeza ilikwenda kukaa kwa Mwalimu.

Nikamuuliza jambo ambalo nilipaswa kumuuliza siku ya kwanza. Nikasema, "Mzee wangu, katika wimbo huu, hasa unatafuta nini?"

Akazima redio kwanza. Halafu akaniambia, akiangalia fimbo yake, kwamba ujana wake alipiga gitaa la besi kwenye bendi moja ya dansi hapahapa Temeke, misimu michache tu kabla hajaoa na kuajiriwa bandarini. Bendi ilirekodi nyimbo kadhaa, kisha ikafa. Hakuna picha yake hata moja akiwa na gitaa. Mpwa wake ameupata wimbo mmoja kwa watu wanaokusanya vya zamani, akamtilia kwenye flashi. Kila siku anaufungulia.

"Wenzangu wote nawasikia," akasema. "Mie simo."

Nimewahi kuunguza redio za watu. Nimewahi kudondosha spika ya msikitini ngazini. Hakuna lililonichoma kama lile. Yule mzee miezi yote alikuwa anajitafuta, mie nilikuwa nimemwambia anunue boksi kubwa zaidi.

Basi nikavua mtandio wa begani, nikajifunga kanga ya Bi Tatu juu ya dera, nikapiga magoti. Mzee akageuka kutazama ukuta ili kunisitiri, na namshukuru hadi leo. Sabufa niliizima. Ingekuwa ndiyo ninayoitafutia mahali ningeipandisha kitini kama alivyofanya Thobias, lakini spika za kusimama huwezi kuzipakata kitini, na besi yake imeshonewa tumboni, huwezi kuitoa ikakae peke yake. Kwa zile unageuza mambo: unaziacha mahali pake, unatambaa kutafuta mahali pa kiti. Na kabla ya kutambaa nilizivuta kutoka ukutani, hatua moja kubwa. Kumbukeni hili. Spika nyingi zile zina tundu la kupumulia mgongoni. Ukizibana ukutani ni kama kumziba mtu pua halafu umwambie aimbe.

Nikamwambia Bi Tatu afungulie, lakini kwa namba kumi tu. Nikaanza mlango wa mbele, nikazunguka na ukuta. Mbele ya kabati, inavuma. Chini ya dirisha, imejaa mno, imevimba. Kati ya chumba, hakuna. Magoti yalinilalamikia kama watu wanaodaiwa kodi ya miaka ishirini. Nilipofika nyuma ya meza ya chakula, kichwa kimeingia kati ya miguu ya viti, nikasikia mtu anabisha hodi na mlango unafunguliwa.

Alikuwa Mwalimu Eliza. Baadaye alisema alikuwa amekuja kuwaaga, maana ingawa hawasalimiani hakuona sawa wasikie habari za mnunuzi kutoka kwa dalali. Alichokikuta ni Mzee Kibwana amesimama anatazama ukuta kama mwanafunzi aliyeadhibiwa, Bi Tatu ameshika rimoti na mwiko, na miguu ya mwanamke inatokeza chini ya meza.

"Fundi Sauda," akasema, "umeanguka?"

Nikamwambia sijaanguka, natafuta besi. Bi Tatu akaangua kicheko kile cha kushikilia mbavu, na kicheko chake kina maradhi, kinaambukiza. Nikamwona Mwalimu anabana midomo, akashindwa. Walitazamana wale wanawake wawili, kwa mara ya kwanza tangu waache kusalimiana, wakacheka mpaka Mwalimu akavua miwani kufuta macho. Nilitamani nibaki chini ya meza pale, lakini nilikuwa bado sijamaliza.

Niliendelea kutambaa. Nilipokaribia mlango wa jikoni, kama hatua mbili kabla ya kizingiti, nikaisikia. Haikunguruma. Ilitembea. Kila noti imesimama kwa miguu yake, ya duara, laini, na wimbo mzima umekaa juu yake umestarehe. Nikabaki nimepiga magoti pale, sikio hewani, sikutaka kusogea.

"Hapo," nikasema.

"Si ndipo nilipokwambia siku ya kwanza," akasema Bi Tatu.

Nikanyanyuka kwa kushika ukuta. Sikuwa na pa kujificha tena, na waliopaswa kusikia wote walikuwa mbele yangu. Nikawaambia kwamba kosa si la Mzee, wala la spika. Mzee alisema kweli kwamba haisikii. Amekaa mahali ambapo besi haifiki. Mwalimu naye alisema kweli kwamba inamvunja kifua. Ilikuwa inakwenda yote kwake. Aliyewagombanisha ni mie, kwa sababu nilifundishwa kupiga magoti nikaona ni kujidhalilisha, nikasimama mlangoni, nikaweka sabufa kona na kuondoka. Niliwaomba radhi wote watatu. Bi Tatu nilimwomba mara mbili.

Kisha Mzee Kibwana akageuka kutoka ukutani, akamwambia Mwalimu kwamba hakuwa anamdharau. Mwalimu akajibu kwamba sasa anajua, na kwamba yeye pia alipaswa kuingia ndani akasikilize, badala ya kuishia mlangoni. Mie na yeye tulikuwa tumefanya kosa la aina moja.

Tukakivuta kiti. Mzee alilalamika kidogo kwamba kule feni haifiki. Bi Tatu akampa kipepeo cha ukindu, akamwambia besi au upepo, achague. Akakaa. Nikarudisha wimbo mwanzo, kwa namba kumi, tena nikapunguza ikawa tisa.

Sitawaeleza uso wake ulivyokuwa, kwa sababu aliuinamisha. Nilichokiona ni mkono. Vidole vya kushoto vilianza kusogea juu ya fimbo, juu na chini, polepole, kisha vikashika kasi yake, na havikukosea hata mara moja, pamoja na miaka yote ile kupita. Ilipofika katikati ya wimbo, palipo na kipande ambacho wengine wote wananyamaza na besi inabaki peke yake kwa pumzi chache, alikaza macho akatikisa kichwa.

"Hapa nilikosea," akasema. "Nilitangulia. Kiongozi alinitukana siku nzima."

Nyuma yetu tukasikia mtu anaimba kwa kufumba midomo. Alikuwa Mwalimu Eliza. Alikuwa anaifuatisha besi noti kwa noti, na pale Mzee alipotangulia, na yeye akatangulia. Miezi yote ile ukuta ulikuwa umemfundisha.

Alipoona tunamtazama akaona haya, akauliza kwani wimbo wenyewe ni huu. Bi Tatu akamwambia ndiyo huu, kila siku ni huuhuu.

"Kumbe una maneno," akasema Mwalimu.

Nyie mnataka kujua iliishaje, niwaambie. Nyumba haikuuzwa. Jumamosi dalali alikuja na mnunuzi wake, akapewa chai na kuambiwa mwenye nyumba amebadili mawazo, akaondoka amenuna. Watoto wa tuisheni walirudi, si wote, ila wa kutosha. Mzee alikubaliana na Mwalimu asifungulie mpaka watoto waondoke. Sabufa niliichukua mwenyewe Ijumaa ileile, nikaibeba nje mbele za watu, na wiki zilizofuata nilizunguka kwa wateja wangu wa zamani, mmojammoja, Mbagala, Kinondoni, Ubungo, nikipiga magoti kwenye sebule ambazo zamani niliishia mlangoni. Baadhi walidhani nimeingia dini mpya. Madale nako nilikwenda, nikamnunulia yule bibi chombo kingine cha maua, hakikufanana na cha kwanza lakini alikipokea.

Basi kabla hujauliza mtu sabufa iwekwe wapi, muulize anakaa wapi. Muulize anatafuta nini ndani ya wimbo. Wa singeli anatafuta kingine, wa kaswida kingine. Mama akitoa kichwa jikoni akasema jambo, nyamaza umsikilize. Halafu shuka chini. Suruali hufuliwa.

Lakini siku ile ya Ijumaa hatukuwa tumemaliza. Nilimwomba Mwalimu aende kwake, asimame pale penye ubao, aturudishie habari. Akaenda. Sie tukauacha wimbo unacheza, Mzee akijipepea na kipepeo chake. Wimbo ukaisha. Nikaanza kuogopa. Kisha tukasikia kandambili zake uchochoroni, akaingia bila hodi kama alivyokuwa akiingia zamani.

"Nimeweka sikio ukutani," akasema. "Hakuna kitu."

Akavuta kiti cha meza ya chakula, akakiweka karibu na cha Mzee, karibu na mlango wa jikoni pale pale, akakaa, akavaa miwani yake kana kwamba anasahihisha madaftari.

"Haya, Mzee Kibwana," akasema. "Rudisha mwanzo. Wewe nakujua tayari. Leo nataka nimsikie huyo anayeimba."